Etel Adnan: Kalamu na Kisu cha Rangi

Walimu wetu, wasanii wenzangu, waandishi, na nyinyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha na kazi ya msanii mmoja wa sanaa ya dhahania, ile ya rangi na maumbo isiyoiga vitu kama vilivyo, ambaye pia ni mwandishi. Ningeweza kumchukua Kandinsky, Mrusi aliyechora na kuandika, na kazi yangu ingekuwa nyepesi maana vitabu juu yake vimejaa tele. Nimemchagua Etel Adnan. Huyu ana kesi ambayo naona haijaamuliwa vizuri, na leo nataka nimtetee kidogo.

Mnajua anavyotambulishwa. Kwenye makumbusho ya sanaa mnaambiwa: huyu hapa bibi wa Kilebanoni aliyehamia Marekani, mchoraji wa milima midogo yenye rangi za kuchangamsha macho, aliyegunduliwa akiwa na miaka 87. Kwenye idara za fasihi mnaambiwa: huyu ndiye aliyeandika riwaya kali juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanon. Ukiwasikiliza wote wawili utadhani ni watu wawili waliogongana jina, mmoja mchangamfu na mwingine mwenye hasira. Mimi nasema mtu ni yule yule, jua lake ni lile lile, na asiyesoma vitabu vyake anaona nusu tu ya michoro yake.

Alizaliwa Beirut tarehe 24 Februari 1925. Baba yake alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Damascus, afisa wa jeshi la dola ya Uthmaniya aliyesoma chuo cha kijeshi pamoja na Mustafa Kemal, yule aliyekuja kuitwa Atatürk. Mama yake alikuwa Mgiriki, Mkristo, wa Smyrna, mji ambao siku hizi unaitwa Izmir. Dola ikaanguka, Smyrna ikateketea kwa moto mwaka 1922, na mume na mke wakaanza upya Beirut: yeye afisa asiye na jeshi, mkewe mtu wa mji ambao haupo tena. Wao kwa wao waliongea Kituruki. Mama na binti waliongea Kigiriki. Ukitoka mlangoni, mtaa mzima ni Kiarabu. Mtoto alipofika umri wa miaka mitano akapelekwa kwa masista wa Kifaransa, na huko ikawa Kifaransa asubuhi hadi jioni. Ulimi ukiteleza ukasema Kiarabu, adhabu. Lebanon wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa, na shule zilijua kazi yake. Wapo humu ukumbini waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani shuleni. Hao hawahitaji maelezo zaidi.

Baba alijaribu kurekebisha mambo. Alimkalisha binti yake mezani na kitabu cha sarufi ya Kiarabu, akamwambia anakili. Mtoto akanakili kurasa kwa kurasa, herufi kwa herufi, maneno ambayo mengi hakuyaelewa, na kwa maelezo yake mwenyewe alipenda sana kazi ile. Kiarabu cha vitabuni hakukimudu hata alipokuwa mtu mzima. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kujua kitu ambacho kichwa hakijakijua, yaani kwamba mstari wa maandishi unaweza kukushika kabla hujausoma. Naomba hili mlishike, tutalihitaji tukifika San Francisco.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ofisini akiwa bado kigoli, akasoma fasihi Beirut, akapata nafasi ya kwenda Paris mwaka 1949 kusomea falsafa Sorbonne. Mwaka 1955 akavuka bahari kwenda Marekani, chuo kikuu cha California huko Berkeley, baadaye Harvard. Mwaka 1958 akaanza kufundisha katika chuo kidogo cha Wadominiko mjini San Rafael, kaskazini ya San Francisco. Alifundisha falsafa ya sanaa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa matamu.

Idara ya sanaa ya chuo kile iliongozwa na mchoraji aliyeitwa Ann O'Hanlon. Siku moja alimuuliza Adnan swali la kawaida kabisa: unawezaje kufundisha falsafa ya sanaa na wewe mwenyewe huchori? Adnan akajibu kwamba mama yake alikuwa akimwambia ana mikono mizito, hawezi kazi za mikono. O'Hanlon akamuuliza: na wewe ukamwamini? Basi. Akampa rangi na vipande vya kuchorea, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa falsafa, akaanza kuchora kama mtu aliyekuwa akingojea kuruhusiwa tu. Nimewahi kuwasimulia wanafunzi kisa hiki wakacheka, halafu wengine wakanyamaza ghafla. Nadhani kila mmoja alikumbuka nani alimwambia nini.

Sasa tazameni alivyochora, kwa maana namna yake ya kufanya kazi inaeleza mengi kuliko nadharia. Hakutumia kile kigoda cha kusimamishia picha. Kanvasi, ndogo, aliilaza mezani, akakaa kitini kama mtu anayeandika barua. Rangi ya mafuta aliikamua moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, akaitandaza kwa kisu cha rangi, mapigo mapana, thabiti, rangi moja kando ya nyingine. Hakuzivuruga zikawa uji. Michoro yake mingi ya mwanzo ilianza na mraba mwekundu. Ukishakaa mraba ule mahali pake, vipande vingine vya kijani, njano na bluu vinajipanga kuuzunguka, vingine vikiusukuma, vingine vikiuacha upumue. Mara nyingi mchoro ulianza na kwisha katika kikao kimoja. Hakurudi kesho yake kuupaka poda.

Kuhusu udogo: mingi ya michoro hiyo ungeweza kuibeba kwapani. Na hii ni Marekani ya enzi ambayo mchoraji wa dhahania aliyetaka kuheshimiwa alichora kitu kikubwa kama ukuta, cha kumzamisha mtazamaji. Yeye alichora kitu ambacho lazima ukisogelee. Ukikaribia unaona ukingo pale rangi mbili zinapokutana: kisu kimeacha tuta dogo la rangi, kama milimita moja tu, na katika tuta hilo hakuna upande uliomeza mwenzake. Mimi naweza kusimama mbele ya ukingo kama huo nikasahau chai yangu.

Tuje kwenye Algeria. Adnan alikuwa akiandika mashairi kwa Kifaransa tangu ujana. Lakini vita vya ukombozi vya Algeria vilivyoanza mwaka 1954 vilikuwa vinaendelea, na ikamkaba kooni: anatunga kwa lugha ya dola inayopigana na Waarabu wanaodai nchi yao, na Kiarabu chenyewe hakijui kiasi cha kukitungia. Hapo akaona kwamba kuna njia. Hatalazimika kuandika kwa Kifaransa. Atachora kwa Kiarabu. Kauli hiyo siku hizi hubandikwa kwenye kuta za maonyesho kwa herufi nzuri, na watu huipiga picha. Mnisamehe, lakini naona imegeuzwa pambo. Ulikuwa mgomo ule. Mwandishi aliweka chini lugha yake ya kazi kwa sababu ya vita, wakati hana nyingine mkononi ya kushika. Mkisikia mtu anasema sanaa ya dhahania ni ya watu waliokimbia mambo ya dunia, mkumbusheni Algeria. Huyu aliiingia kwa mlango wa siasa, kwa vile mraba mwekundu haukuwa mali ya masista wala ya dola yoyote.

San Francisco akakutana na vitabu vya kukunja vya Kijapani. Ni karatasi moja ndefu iliyokunjwa mkunjo juu ya mkunjo. Ukiifunga ni kijitabu cha kutia mfukoni, ukiikunjua inafika mita kadhaa. Kwa kizungu cha wasanii huitwa leporelo. Kuanzia miaka ya 1960 akaanza kunakili ndani yake mashairi ya washairi wa kisasa wa Kiarabu, akiwemo Badr Shakir al-Sayyab wa Iraq, kwa wino na rangi za maji. Hakuandika kwa mwandiko wa mabingwa wa khati. Aliandika kwa mwandiko ule ule wa mtoto aliyekalishwa mezani na baba yake. Katikati ya mistari anaweka doa la rangi, duara, michirizi. Mara maneno yanaelea juu ya rangi, mara rangi inayazuia njia. Anayejua Kiarabu anasoma. Asiyejua anatazama. Yeye mwenyewe alikuwa kati ya hao wawili, na nadhani ndiyo sababu vitabu vile vina mvuto wa pekee: vimeandikwa na mtu anayeisikia lugha ikipita nje ya dirisha lake. Na huwezi kukiona kitabu chote kwa mara moja. Ukifika mwisho, mwanzo umekwisha kukuponyoka, itabidi utembee tena.

Kiingereza nacho kilikuja kwa njia ya vita. Wamarekani walipokuwa Vietnam, aliandika shairi la kupinga vita hivyo kwa Kiingereza, likachapishwa katika jarida dogo la wapinzani, akajikuta mshairi wa Marekani pasipo kupanga. Yuri Gagarin, Mrusi aliyekuwa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, alipofariki mwaka 1968, alimwandikia shairi refu la maziko. Alipenda sana mambo ya anga za juu, sayari na mwezi, na miduara yake isomeni mkikumbuka hilo pia. Kila jina la chama au la mtindo mliloandaa kumbandika, litadondoka.

Mwaka 1972 alirudi Beirut. Alikuwa mhariri wa utamaduni wa gazeti la Al Safa, kisha wa L'Orient-Le Jour, yote ya Kifaransa. Algeria ilikuwa imekwisha kupata uhuru tangu mwaka 1962 na mgomo wake ulikuwa umelegea. Hapo Beirut ndipo alipokutana na Simone Fattal, msanii mzaliwa wa Damascus, wakawa wenzi wa maisha kwa karibu miaka 50. Kisha tarehe 13 Aprili 1975 vita vikaanza.

Mwaka 1976 mwanamke aliyeitwa Marie Rose Boulos alitekwa na kuuawa. Alikuwa Mkristo, na wauaji walikuwa wanamgambo wa Kikristo. Kosa lake lilikuwa kusimama na Wapalestina. Adnan alipata habari hizo gazetini akiwa Paris, akakaa chini na kwa muda wa mwezi mmoja hivi akaandika riwaya *Sitt Marie Rose*, kwa Kifaransa. Mhusika wake mkuu ni mwalimu wa watoto viziwi, na watoto hao wamepewa sauti: wanasimulia kwa pamoja, wanasema "sisi". Hawasikii risasi, ila wanaona kila kitu kinachofanywa mbele yao darasani. Kwa ufundi tu, hata kama siasa haikuhusu, soma kurasa za watoto wale. Riwaya imetafsiriwa katika lugha nyingi na inasomeshwa vyuo vingi. Kwa Lebanon yenyewe ilimfanya asiweze kukaa kwa amani, naye akaondoka.

Kitabu ninachotaka kuwaonyesha kwa ukaribu zaidi, hata hivyo, ni kingine. Januari 1975, kabla ya vita, alikuwa ameanza shairi refu juu ya jua. Jua tu, na rangi zake: mistari ya mwanzo imejaa majua, la njano, la kijani, jekundu, la bluu. Ni mchoraji anayeandika pale, hilo halina ubishi. Halafu vita vikaliingia shairi. Kambi ya wakimbizi wa Kipalestina ya Tel al-Zaatar ikazingirwa mwaka 1976, na shairi likaishia na sehemu 59, hesabu ya siku za kuzingirwa. Ndilo *L'Apocalypse arabe*, lililotoka mwaka 1980. Mwaka 1989 likatoka kwa Kiingereza, tafsiri yake mwenyewe.

Fungua ukurasa wowote wa kitabu hicho. Mstari unaenda, unakatika kama simu ya maandishi ya zamani, na pale unapokatika kuna alama iliyochorwa kwa mkono: mshale, kijiduara, jua dogo lenye miale, mchoro uliovurugwa kama uzi uliokatika. Kisha maneno yanaendelea. Alama zile hazina tafsiri pembeni. Zimekaa ndani ya sentensi, mahali ambapo neno lilitakiwa likashindwa kuja. Mchapaji lazima aliwaza mara mbili. Msomaji wa sauti hukwama. Nimejaribu kuusoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya watu, na kila nikifika kwenye alama nilibaki na mdomo wazi, na sijui kama kuna namna bora ya kuusoma kuliko hiyo.

Sasa rudini kwenye michoro. Lile duara juu ya mlima, ambalo kadi za maonyesho huliita la furaha, ni jua lile lile lililosimama juu ya Tel al-Zaatar. Sisemi kila duara ni damu. Nasema aliyelichora alijua jua linaweza kuona nini.

Mnaweza kunipinga kwa maneno yake mwenyewe. Aliwahi kusema kwamba huandika anachokiona, na huchora kile alicho. Yaani maandishi ni ya historia na maafa yake, michoro ni ya nafsi yenye furaha ya kuwa hai. Wengi wameishia hapo, na ni rahisi kuishia hapo. Lakini kitabu cha alama kinaukaidi mgawanyo huo: pale anachora kwa sababu ya anachokiona. Na leporelo zinaukaidi pia, pale anaandika kwa sababu ya alicho. Msanii ana haki ya kujieleza kwa ufupi kwa mwandishi wa habari. Sisi wasomaji wake hatulazimiki kuchukua ufupi huo kuwa sheria.

Alirudi California mwishoni mwa miaka ya 1970, akaishi na Fattal huko Sausalito, ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Hapo ndipo palipo na Mlima Tamalpais, wenye urefu wa mita 784 hivi, si mrefu, na ambao alikuwa ameanza kuupenda tangu siku za kufundisha. Aliuchora bila kuchoka. Mara ni pembetatu, mara ni nundu. Asubuhi wa kijani, mchoro mwingine zambarau, mwingine waridi ambayo mlima wowote ungeionea haya. Mwaka 1986 akatoa kitabu juu yake, *Journey to Mount Tamalpais*, insha na michoro ya wino pamoja, na humo anaeleza jinsi alivyokuwa akitazama na kuchora pamoja na wenzake katika semina za O'Hanlon. Kitabu kilichapwa na Post-Apollo Press, nyumba ya uchapishaji ambayo Fattal aliianzisha mwaka 1982. Ukiniuliza uanzie wapi kumsoma, nitakuambia anzia hapo, kwa kuwa ni kifupi na anafikiri huku mkono ukifanya kazi.

Alipozeeka walihamia Paris, na afya haikumruhusu tena kusafiri kwa ndege. Mlima aliendelea kuuchora kwa kumbukumbu, akiwa Paris mezani pake, ng'ambo ya bahari na bara zima.

Mwaka 2012 maonyesho makubwa ya Documenta, huko Kassel, Ujerumani, yalimwonyesha kwa wingi, naye ana miaka 87. Magazeti yakaandika kuwa amegunduliwa. Neno hilo linaniudhi, ingawa yeye halikumuudhi maana alilichukulia kwa ucheshi. Alikuwa amechora kwa zaidi ya miaka 50, amefanya maonyesho, amefundisha, ameandika. Tuulizane aliyekuwa amelala ni nani. Nadhani jibu moja ni kwamba watu wa sanaa walimwona mwandishi anayechora siku za mapumziko, na watu wa fasihi hawakujali ukutani kuna nini. Kila upande ulidhani ni mgeni wa upande wa pili. Mwanamke, Mwarabu, mwenye lugha nyingi, wa kanvasi ndogo: visingizio vilikuwepo vya kutosha.

Baada ya Kassel mambo yalikwenda kasi. Majumba makubwa ya sanaa yakamfungulia milango: mwaka 2014 Mathaf ya Doha ilimfanyia maonyesho ya kazi zake zote, Whitney ya New York ikamwalika, na Ufaransa, ile ile ya masista, ikampa nishani ya sanaa na fasihi. Mwaka 2016 ikawa Serpentine ya London. Oktoba 2021 Guggenheim ya New York ilifungua maonyesho yake katika jengo lile la mzunguko wa konokono, na juu yake, katika ngazi hizo hizo, walimtundika Kandinsky. Sijui kama walifikiria walichokifanya. Wachoraji wawili walioandika, chini ya paa moja. Kandinsky alitumia kalamu zaidi kueleza uchoraji. Adnan hakueleza, alifanya vyote viwili tu. Alifariki Paris tarehe 14 Novemba 2021, akiwa na miaka 96, na maonyesho yale yalikuwa bado wazi.

Nimalizie na jambo moja la karibuni kwa ajili ya washairi waliokaa hapa mbele wakidhani nimewasahau. Tarehe 27 Oktoba 2003 alipokea postikadi kutoka kwa Khaled Najar, mshairi wa Tunisia waliyefahamiana miaka mingi kabla. Akaijibu kwa mashairi mafupi mafupi, kwa Kifaransa, vipande vya mistari michache ambavyo ukivitazama kwenye ukurasa utaona vimepangwa kwa jicho la mtu wa leporelo. Vingine vikafuata mwaka baada ya mwaka. Sarah Riggs alivitafsiri kwa Kiingereza katika kitabu *Time*, na mwaka 2020 kikashinda tuzo ya mashairi ya Griffin ya Canada. Nimekileta, kipo mezani pale pamoja na picha za michoro. Nakala ni moja, kwa hiyo mtazame kwa zamu, na tafadhali mikono isiwe na mafuta ya sambusa.

Karibuni maswali.